Kihamba na Watu Wake

Nyumba niliyopanga hapa Ujerumani, nje kidogo ya mji wa Münster, inapakana na shamba la ng'ombe wa maziwa la mume na mke ambao watoto wao walikwisha kuhama. Ng'ombe wanakamuliwa na roboti, mahindi ya kulishia mifugo yanavunwa kwa mashine ya kukodi, na mume alipovunjika mguu, msaidizi wa kulipwa alifika na kazi ikaendelea. Si kwamba huku hawazeeki: mwaka 2020, katika Umoja wa Ulaya, wasimamizi wa mashamba wenye umri chini ya miaka 40 walikuwa takriban 12 tu kwa kila 100. Ila uzee wao hauonekani ghalani.

Kwetu Uru, juu ya Moshi, unaonekana. Kihamba cha wazazi wangu, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa, hakifiki ekari mbili, na udongo wake ni uleule wa utoto wangu. Waliopungua ni watu. Tulipokuwa saba, wawili walishuka tambarare kukata majani ya ng'ombe, wengine walipogolea kahawa, na zamu yetu ya maji ya mfongo, mfereji wa kumwagilia, ilipoangukia usiku wa manane hakukosekana wa kwenda kuyafungulia. Sasa mama anaishi na mjukuu wa darasa la nne. Kahawa zilizozidi kimo chake hukaukia mtini, samadi hulundikana nyuma ya zizi kwa kukosa wa kuibeba na karai hadi migomba ya mwisho, na zamu ya usiku anaiacha impite. Ofisa ugani humhimiza aongeze mbolea. Ushauri mzuri, ila angeanza kwa kuuliza ni nani atakayeitia.

Wengi tulio nje tunadhani fedha tunazotuma zinaziba pengo hilo. Zinasaidia, sikatai: shamba la mahindi la tambarare hulimwa kwa trekta kabla masika hayajachanganya. Lakini kahawa huiva kwa awamu, mti mmoja huchumwa mara kadhaa kwa msimu, na kibarua mzuri siku unayomtaka yuko kwa jirani.

Lipo zito zaidi, nalo linanihusu. Mama alitaka kung'oa mibuni ya zamani inayoshambuliwa na chulebuni, apande miche ya aina zinazostahimili ugonjwa huo kutoka kituo cha utafiti cha Lyamungu. Alikaa misimu miwili bila kugusa mti, kwa sababu mimi ni mtoto wa mwisho wa kiume, na kwa mila yetu kihamba cha nyumbani ni changu, ingawa sijashika jembe tangu 2009. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume juu ya ardhi. Mama hakuitaja, nilipomuuliza kwa simu alisema tu, "Baba, nilikuwa namngoja mwenye shamba aseme."

Nimemwambia ang'oe. Hati ya hakimiliki ya kimila tutaiomba kwa jina lake, na kaka zangu wakinuna, wanune.