Jamani, Hawa Sio Minyoo wa Tumboni

Jumamosi gari la taka limekuja mtaani kwetu huku Pasua, Moshi, baada ya kupotea wiki mbili, likapiga honi, jirani yangu akatoka mbio na kiroba kizima cha maganda ya ndizi, maji yanachuruzika mpaka kwenye kanga. Buku mbili ya taka akalipa. Haijapita nusu saa kaja kijana na mkokoteni wa samadi, dada huyo huyo akanunua kiroba cha elfu tano cha kuweka kwenye maua yake. Nikamwambia dada'angu, umelipa wakuchukulie mbolea halafu umelipa tena wakuletee mbolea. Akaniangalia, akasema, "Si wewe ndo unafuga minyoo?"

Basi. Mtaa mzima sasa naitwa hivyo, na juzi kuna mtoto kaniuliza kama nimeshakunywa dawa.

Ni nyungunyungu aisee. Na sio wale wanene wa kuchimba kwa jembe ukaenda nao kuvua samaki, ni wale wekundu wembamba wanaokaa juu juu kwenye samadi iliyolala muda. Mimi niliwatoa nyuma ya banda la ng'ombe, bure, ngumi mbili hivi. Ndoo kuukuu ikatobolewa chini na pembeni, nikaweka maboksi na magazeti yaliyochanwa, nikalowesha yawe kama dekio ulilokamua, ndo kitanda chao hicho. Maganda, majani ya chai, mabua ya mchicha, maganda ya mayai yaliyopondwa, unafukia kidogo kidogo, wao wanakula, wala hainuki. Miezi mitatu minne unatoa mbolea, kitu cheusi kinachonukia kama shamba baada ya mvua.

Kinachonikera ni hivi, Moshi tunajisifia mji msafi miaka nenda rudi, na kweli ukitupa ganda la muwa pale stendi utajua hujui. Ila usafi wetu ni wa kuhamisha. Zaidi ya nusu ya hizo taka za nyumbani ni chakula na majani, tunavifunga pamoja na pampasi na chupa na betri, vinaenda kurundikana dampo, vinaoza bila hewa vinatoa methani, gesi inayochangia joto la dunia, na hata mtu akitaka kuokoa mbolea pale haiwezekani tena kwa sababu imejaa vigae vya vioo. Yaani kitu kizuri tunakiharibu kwa uvivu wa kuwa na ndoo mbili!! Bibi yangu kijijini Kibosho hajawahi kumiliki dastibini. Maganda kwa ng'ombe, mavi ya ng'ombe kwenye mgomba, maji ya kuoshea vyombo kwenye mgomba, majivu kwenye mgomba, halafu ndizi inarudi jikoni. Hakuna mtu aliyekuja kumfanyia semina. Sisi tumeshuka mjini na digrii zetu tumesahau kitu ambacho kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, kinajifanya chenyewe kila siku, halafu ukikumbusha watu unaonekana umechanganyikiwa.

Haya, nikubali na yangu. Kundi la kwanza niliwaua. Januari, joto la Moshi mnalijua, ndoo niliiacha barazani jua la saa nane linaipiga, na juu yake nikamwagia pilau lililobaki na maganda ya ndimu. Mafuta hawataki, ndimu hawataki, nyama ndo kabisa inaita panya, na joto likipita nyuzi thelathini wanateseka. Asubuhi nimekuta wengine wametoroka wamekaukia sakafuni, ile harufu sitaki kuikumbuka, na mume wangu hakusema kitu ila alikula nje siku mbili. Vijidudu vya matunda navyo vipo, mkizidisha chakula mtaviona. Na kama una ng'ombe nyumbani achana na mimi, maganda mpe ng'ombe.

Wa sasa hivi wanakaa chini ya karo la nje, kivulini, mwaka unaisha. Sukuma wiki yangu ya kwenye viroba nimeacha kununulia mbolea, na buku mbili ya taka nalipa bado kwa sababu hawana bei ya mfuko mdogo.

Jana jioni mlangoni kwangu nimekuta kiroba cha maganda ya ndizi, hakina jina. Asante, nimepokea. Ila dada, pampasi ya mtoto nimekurudishia getini kwako.