Flashi Haikuwa Feki, Niacheni

Oya, ile voisi noti ya mshkaji wangu wa kamati inayozunguka kwenye magrupu, eti fundi kompyuta (ndo mie) kaua sendofu ya dada yake kwa flashi feki ya Kariakoo, ni uongo nusu. Flashi ilikuwa nzima. Na huyo dada si wa tumbo moja, ni mtoto wa mama mdogo. Hayo mengine ndo hivyo.

Video ya picha zake toka mtoto nilihariri mwenyewe, GB moja na ushee, nikaikopi kwenye flashi kwa teminali ya Linux, ule mfumo wa kompyuta wa kuandika amri badala ya kubofya, maana mie mjanja bwana, nikapiga cp, amri ya kukopi, ikajibu chap. Nje boda anapiga honi, mama mdogo kwenye simu "we mtoto uko wapi, MC anakuulizia", nikachomoa nikatia mfukoni. Kataa ka flashi kalikuwa kanawakawaka. Nilikaona. Nikajua kananiaga.

Kwa msiojua, Linux ukiiambia kopi inaipokea data kwenye RAM, memori ya muda ya kompyuta, inakwambia tayari, halafu ndo inaanza kushusha kwenye flashi kwa muda wake, ni kama konda anayekwambia mzigo wako ushapanda kumbe bado uko chini stendi. Kwa kawaida data inaweza kukaa humo hadi sekunde 30 kabla haijaonekana imechelewa kuandikwa, labda izidi kama asilimia 10 ya memori iliyopo ndo inaanza mapema, na mimi kwa mbwembwe nimeweka RAM ya GB 16, kwa hiyo video karibu yote ilienea huko. Ukiandika sync, amri ya kushusha data yote, ukasubiri ijibu, au ukaitoa flashi kwa amri ya umount, hamna shida. Sasa boda atasubiri sync?

Ukumbini Sinza. Taa zimezimwa, MC na sauti ile ya msibani, "tutazame safari ya binti yetu". Picha ya kwanza yuko kwenye beseni, akina mama "jamani katoto". Ya pili shule ya msingi, soksi moja juu moja chini. Mziki unapanda. Ikaingia klipu ya baba mkubwa kwenye shughuli fulani ya zamani anakula, na hapo hapo ikaganda. Mdomo wazi. Ubwabwa shavuni. Kuanzia kidevuni kwenda chini kijani tupu, upana wa ukuta mzima. Na mwenyewe kakaa meza ya mbele na suti yake, akanyanyua macho taratibuuu, akajitazama, akafunga mdomo maana hata pale alikuwa anatafuna. MC akarudisha nyuma kidogo: mdomo ukafumba. Akaachia: ukafunguka. Akarudia tena!! Simu zikaanza kunyanyuka. Shangazi kwa sauti, "hivyo ni virusi". Mimi niko chini ya meza nafunga kamba za viatu, na nilivaa moka.

(Mnaouliza kwa nini sikutumia laptopu, laptopu iko Tabata.)

Basi taa zikawashwa, ndafu ikakatwa, watu wakacheza, nikaondoka bila kuaga.

Sasa baba mkubwa kawa stika, na aliyeitengeneza ni huyo huyo wa voisi noti. Video nzima ninayo, anayeitaka alete flashi yake, ila atakaa hapa mpaka kataa kazime na sitaki kusikia habari za boda.