Orodha ya WHO thieta: inawaunganisha watu wa usingizi au inajaza faili tu?

Hospitali ya Ifakara, Tanzania, ilikuwa moja ya nane, pamoja na za Toronto, London, Manila na kwingineko, zilizoijaribu orodha ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya usalama wa upasuaji, ambayo timu huikagua kwa sauti thieta, yaani chumba cha upasuaji. Matokeo yalichapishwa Januari 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo ya baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Ni vipengele 19 vinavyosomwa timu ikisimama mara tatu, yaani vituo vitatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla mgonjwa hajatoka thieta. Mwaka 2014 takwimu za hospitali 101 za Ontario, Kanada, zikaonyesha jingine kabisa. Baada ya orodha kuanza kutumika, vifo vilitoka asilimia 0.71 hadi 0.65, tofauti ndogo kiasi cha kuweza kuwa bahati tu.

Wanaoibeza orodha hushikilia Ontario, na si wavivu wote. Wanajua kwamba mara nyingi karatasi hujazwa mgonjwa akiwa ameshafika wodini, tiki zote kwa kalamu moja na mwandiko mmoja. Wanajua pia usiku wa dharura ulivyo: mtaalamu wa usingizi ni mmoja, msaidizi wake ameitwa wodi ya wazazi, mama anavuja damu, na dokta ameshavaa glavu. Nani asimame kusoma vipengele?

Swali ni la haki, ila linachanganya kusoma na kugawana kazi. Tuseme mama huyo hawezi kuchomwa ganzi ya mgongo kwa sababu ameshapoteza damu nyingi, kwa hiyo ni nusukaputi. Atavuta oksijeni tupu dakika 3 kwa barakoa isiyovuja. Mashine ya kufyonza inawashwa mapema, mpira wake unawekwa pale mkono utakapoupata bila macho kuutafuta. Msaidizi anakandamiza gegedu la krikoidi, pete iliyo mbele ya koo, kwa nguvu ya nyutoni 10 mama akiwa macho, 30 akishalala, ili kilichomo tumboni kisipande. Hapo ndipo mambo huharibika kimyakimya. Akikandamiza vibaya anapindisha njia ya hewa, mwenzake anayeingiza tyubu ya kupumulia haoni nyuzi za sauti, na msaidizi hajui kama anaruhusiwa kulegeza. Akiachia kabla puto la tyubu halijajazwa na tyubu kuthibitishwa iko mahali pake, matapishi yanaweza kuingia mapafuni. Sentensi moja kabla ya dawa inatosha: “Usiachie mpaka nikuambie; nikisema legeza, legeza.” Haichukui hata sekunde kumi, na tiki haiwezi kuisema.

Kuna hoja nyingine nzito zaidi: kwamba kila mtu akiruhusiwa kusema, thieta inageuka soko, na katika dharura lazima kauli iwe ya mmoja. Kwa maamuzi, nakubali. Lakini aliyeshika laringoskopu, kifaa cha kuangalia koo wakati wa kuweka tyubu, hahesabu majaribio, na saa ya ukutani haipo machoni pake. Mwongozo wa Uingereza wa 2015 kwa wajawazito unaruhusu majaribio mawili ya kuweka tyubu, la tatu liwe la mwenye uzoefu zaidi tu. Nani anahesabu? Mwaka 2005 nchini humo, mgonjwa aliyekwenda kwa upasuaji mdogo wa sinasi alipoteza uhai baada ya madaktari kung’ang’ania kuweka tyubu huku oksijeni ikiwa imeshuka. Wauguzi walikuwa wameleta vifaa vya kutoboa koo. Vilikaa bila kutumika.

Anayesema “jaribio la pili limeshindikana, oksijeni asilimia 84” hajampinga bosi wala hajatoa amri, ametoa namba. Ndiyo maana naona kazi ya kuhesabu igawiwe kwa jina la mtu, tena mdogo kuliko wote chumbani, kabla ya dawa kuingia. Akiteuliwa mapema, hahitaji ujasiri wa kukatiza wakubwa.

Ontario, basi, haikuthibitisha kwamba orodha ni bure. Kipima oksijeni ni kitu cha kawaida huko. Kituo cha kwanza cha orodha hakiwezi kuwapa kitu ambacho tayari wanacho. Pasipo uhakika huo, kuuliza tu kama kipimaji kinafanya kazi kunabadilisha kitu.

Mahali orodha inapofeli waziwazi ni kwenye dawa. Inauliza kama dawa zimekaguliwa, jibu ni ndiyo, basi. Mwaka 2022 WHO ilitoa tahadhari kuhusu ampuli (vichupa) za tranexamic acid, dawa ya kuzuia damu, zinazofanana na za bupivakaini, dawa ya ganzi ya mgongo: inayopaswa kuingia mshipani imechomwa mgongoni, ikaleta degedege na vifo. Kinachozuia hilo ni watu wawili kusoma lebo kwa sauti kabla ampuli haijavunjwa, na ile ya kuzuia damu kutowekwa kabisa kwenye trei ya ganzi ya mgongo.