Kabla mtoto hajaomba chuo huku Marekani, kaeni kwanza mpige hesabu

Jamani Watanzania wenzangu wa huku, naomba tuongelee hili la vyuo maana kila msimu wa maombi ukifika naona familia zinajitwisha madeni ambayo hata hayakuwa na ulazima.

Sisi tumezoea mfumo wa nyumbani. Kule matokeo ya form six yakitoka unafungua kitabu cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), unaona kozi hii inataka masomo gani na pointi ngapi, ada inajulikana na ni ileile kwa mtoto wa waziri na mtoto wa muuza mchicha. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ukitoka sawa, usipotoka basi baba mdogo na mashangazi wanachangishwa na maisha yanasonga.

Huku bei iliyoandikwa sio bei utakayolipa! Tangu 2011 vyuo vinavyopokea misaada ya serikali kuu vinatakiwa kuweka kikokotoo kwenye tovuti zao, unajaza kipato cha familia kinakupa makadirio ya kitakachotoka mfukoni kwako baada ya ruzuku, na ukikitumia utashangaa, Harvard kuanzia mwaka wa masomo 2025/26 imesema familia zenye kipato cha dola 100,000 kushuka chini hazilipi kitu, ada, chakula na malazi vyote chuo kinabeba, wakati kuna chuo binafsi ambacho hakuna anayekijua kinampa mtoto barua nzuri ya "skolashipu" na bado kinataka makumi elfu kila mwaka. Tatizo Harvard kuingia ni kazi kwelikweli, na wao na wenzao wa Ivy League (lile kundi la vyuo binafsi nane vyenye jina kubwa) hawatoi hela kwa sababu ya maksi, wanaangalia uwezo wa familia tu. Vyuo binafsi vya kati ndo vinatoa kwa maksi, kwa hiyo mtoto akiomba pale ambapo maksi zake zinazidi za wengi wanaoingia, hapo ndipo anapunguziwa sana. Hili wazazi wetu wengi hawaambiwi, wanaangalia jina tu ili wapate la kusema kwenye harusi.

Halafu someni ile barua ya ofa mstari kwa mstari, maana mkopo nao wanauchanganya humohumo wakauita msaada. Mtoto mwenyewe mwaka wa kwanza serikali inamkopesha mwisho dola 5,500, pengo linalobaki analibeba mzazi kwa jina lake. Zamani mzazi aliruhusiwa kukopa serikalini pengo lote, kuanzia Julai 2026 ukomo ni dola 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa mtoto mmoja, na hata hiyo kwa mama anayepiga shifti mbili nesingi homu (nyumba ya kutunza wazee) ni deni la kuzeeka nalo.

Mimi niko Minnesota. Hapa tangu 2024 mkaazi ambaye familia yake iko chini ya dola 80,000 anasoma vyuo vya umma bila kulipa ada, na bado watu wetu wanadharau community college (vyuo vya umma vya miaka miwili) kama tunavyodharau shule ya kata. Miaka miwili pale unahamia chuo kikuu, digrii inatoka na jina la chuo kikuu. Ila ulizeni mapema kule mnakoenda masomo gani watayapokea, wasije wakayakataa.

Na nyie wa nyumbani mnaoniandikia WhatsApp "dada nitafutie chuo", mwanafunzi wa visa hapati misaada ya serikali ya huku, vyuo vingi vya majimbo vinamtoza bei ya mtu wa nje ya jimbo, na kabla hata ya visa anatakiwa aonyeshe hela ya mwaka mzima wa kwanza. Vyuo vinavyomlipia mgeni kila kitu vipo ila vichache na foleni yake ni ya dunia nzima, ombeni hivyo. Vikigoma msiuze kiwanja, kijana asome digrii ya kwanza Mlimani, SUA au Muhimbili, afaulu vizuri, halafu aombe PhD huku, maana kozi nyingi za sayansi ngazi hiyo chuo ndo kinamlipa yeye.