Sarafu za silva zenye gredi: unalipia sarafu au unalipia kasha?

Kila nikiongelea sarafu za zamani lazima mtu aulize kama inafaa kununua zile zilizogrediwa, zile zinazokuja zimefungwa kwenye kasha gumu la plastiki lenye lebo na namba, maana bei yake inakuwa juu kuliko sarafu ileile ikiuzwa hivihivi. Mimi naona inategemea sarafu yenyewe ina swali gani.

Kampuni kubwa za kazi hii ni mbili, PCGS iliyoanza 1986 na NGC iliyoanza 1987, zote za Marekani. Unawatumia sarafu, wanakagua kama ni halisi, wanaipa alama kati ya 1 na 70 halafu wanaifungia. 70 maana yake hata ukiikuza mara tano huoni kasoro.

Sasa chukua Silver Eagle ya Marekani ya miaka hii. Ni aunsi moja, gramu 31.1 za silva ya asilimia 99.9, na nyingi zinatoka kiwandani zikiwa safi kabisa. Nimewahi kuweka ya 69 na ya 70 pamoja chini ya taa nikazigeuza weee mpaka macho yakachoka, sikuona tofauti, lakini ya 70 inauzwa ghali zaidi na hiyo hela ya ziada haikuongezei hata chembe ya silva. Kama lengo lako ni kuweka akiba kwenye silva hapo unapoteza, nunua isiyo na kasha upate gramu nyingi zaidi.

Ila njoo kwenye reale ya Maria Theresa, malkia wa zamani wa Austria, ile iliyozunguka Zanzibar, Oman, Yemen na Uhabeshi miaka na miaka, habari inabadilika. Reale ina gramu 28 na kidogo, silva asilimia 83.3, na karibu zote zinasomeka 1780, mwaka aliofariki huyo mama mwenyewe, kumbe ziliendelea kupigwa chapa Vienna na baadaye Rome, London, Paris mpaka Bombay karne ya 20 bila kubadilisha tarehe. Wajuzi wanazitenganisha kwa kuhesabu lulu za kwenye bruchi ya begani na kuangalia manyoya ya mkia wa tai aliye upande wa pili. Mimi na wewe tutahesabu hizo lulu kwenye picha ya simu? Hapo mtu anayejua akikuandikia kwenye lebo imepigwa wapi, hiyo hela imefanya kazi, hata kama namba ya gredi yenyewe haina maajabu.

Na kuna suala la kusafisha, hili linaniuma. Mjomba wangu alikuwa na rupia ya Mjerumani, kichwa cha Kaiser, mfalme wao, na kofia yake yenye tai kinaonekana vizuri tu, akaona imekuwa nyeusi akaisugua kwa limau na majivu mpaka ikang'aa. Kwenye picha inapendeza kweli, lakini ukiiinamisha kwenye mwanga unaona mikwaruzo myembamba imeelekea upande mmoja, na kwa wakusanyaji hapo thamani imeshashuka. Anayenunua kwa picha kutoka mbali hawezi kuijua hiyo, mkaguzi ataiona na ataandika kuwa imesafishwa.

Lakini usiabudu kasha. Gredi ni maoni ya watu, na kuna wanaovunja kasha na kuituma tena sarafu ileile wakitegemea namba ya juu zaidi, na wakati mwingine wanaipata. Pia makasha feki yapo, lebo feki na sarafu feki ndani, kwa hiyo ile namba ya kwenye lebo iingize kwenye tovuti ya kampuni husika, na kama wameweka picha linganisha mkwaruzo kwa mkwaruzo, doa kwa doa, kabla hujatuma hela.

Kutuma zako mwenyewe kutoka huku kwetu napo ni hesabu nyingine, kuna ada, usafiri na bima kwenda na kurudi, na sarafu nyingi za kawaida hazibebi gharama hiyo. Ile rupia ya mjomba siipeleki popote, inakaa kwenye bahasha yake. Ila nikiletewa rupia mbili ya 1893 au 1894, ambazo ni adimu kuliko rupia moja, na anayeuza simjui, bila kasha sitoi hela, na nikilikuta kasha bado namba yake nitaikagua kwanza.