Mpira wa Kiganja, Injini Nzima Chini

Hivi aliyechora injini hizi za magari ana mikono au ana mkonga? Kampira ka kupitisha maji ya kupoza injini, kenye urefu wa kiganja, kamefichwa nyuma ya injini, chini ya manifoldi ya hewa (mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini), kamebanwa na klipu ya springi ambayo masikio yake yanatazama ukutani. Utaikamata kwa koleo gani?

Haya, fungua. Boksi la filta ya hewa, toa. Bomba lake, toa. Betri na kitako chake, toa. Mchana umekwisha ndipo unaiona bolti ya namba 10, nayo imeliwa na kutu. Ukilazimisha, inakatika. Usipolazimisha, mtakesha.

Na wota pampu, ile inayosukuma hayo maji, je? Injini kadhaa huizungusha kwa mkanda wa taiming (unaofungua na kufunga valvu kwa wakati), kwa hiyo kuifikia ni kufumua mbele yote. (Ukishafika, badilisha na mkanda palepale. Nani anataka kurudi huko?) Halafu kiungio cha plastiki kilichopikwa na joto miaka 10 kinavunjikia mkononi, nusu imebaki ndani ya bloku, mwili wa injini!

Umefunga? Subiri kwanza. Mabaki ya gasketi ya zamani hayakukwanguliwa, inavuja. Themostati, valvu inayofungulia maji yakipata joto, imewekwa kinyume, springi inatazama nje badala ya injini, inachemsha. Hewa iliyonaswa kwenye maji haikutolewa, hita inapuliza baridi huku geji ya joto ikipanda.

Na soketi ya namba 10 iko wapi, wenzangu? Imedondoka. Sakafuni haikufika.