Je, viwanda vilimnufaisha mfanyakazi wa Kiingereza? Namna ya kusoma vitabu vya pande zote mbili

Mtu akiomba vitabu vya kumwelewesha Ulaya ya karne ya 19, mara nyingi huelekezwa kwanza kwenye Manifesto ya Chama cha Kikomunisti, ya Marx na Engels, kwa sababu ni fupi: toleo la kwanza, lililochapishwa London Februari 1848, lilikuwa na kurasa 23 tu. Ushauri huo una kasoro. Manifesto inatoa hukumu bila kuleta ushahidi. Anayeianza kabla ya kujua yaliyotokea Lancashire, eneo la viwanda vya pamba kaskazini mwa Uingereza, kati ya 1780 na 1850 hana namna ya kupima kama hukumu ile ni ya haki, na huishia kuimeza yote au kuitema yote. Afadhali aanze na kesi yenyewe. Ina swali ambalo wanahistoria wamelivutania kwa karibu miaka mia: viwanda vilipoingia, maisha ya mfanyakazi wa Kiingereza yalipanda au yalishuka?

Shahidi mkuu wa upande wa mashtaka ni Friedrich Engels. Alifika Manchester mwishoni mwa 1842, kijana wa miaka 22, kufanya kazi katika kampuni ya nyuzi ya Ermen & Engels ambayo baba yake alikuwa mbia. Aliondoka Agosti 1844, na mwaka uliofuata kitabu chake juu ya hali ya tabaka la wafanyakazi Uingereza kikatoka Leipzig, kwa Kijerumani. Tafsiri ya Kiingereza ya Florence Kelley ilichapishwa New York mwaka 1887, na London mwaka 1892. Toleo hilo la 1892 linapatikana bure mtandaoni. Usikisome kuanzia mwanzo. Nenda kwanza kwenye sura ya miji mikubwa. Humo anaonyesha jinsi Manchester ilivyopangika, hata tajiri akatoka nyumbani kwake pembezoni mwa mji hadi katikati bila kuuona uchafu uliokuwa nyuma ya maduka ya barabara kuu. Kisha anakuingiza Little Ireland, mtaa wa maskini uliokuwa bondeni kando ya mto Medlock: nyumba zipatazo 200, nyingi zimejengwa mgongo kwa mgongo, watu wapatao 4,000. Gawanya mwenyewe, unapata watu 20 kwa nyumba, na nyumba yenyewe ni vyumba viwili, dari, pengine na chumba cha chini ya ardhi. Choo kimoja, anasema, kilihudumia watu 120, na aghalabu hakikufikika.

Wapinzani wa Engels wana hoja tatu, na mbili zina nguvu. Ya kwanza ni kuhusu maisha ya kabla ya viwanda. Katika utangulizi wa Engels, mfumaji wa kijijini anaishi kwa raha, hewa safi na kazi ya kujipangia. Picha hiyo aliichukua kwa kiasi kikubwa kutoka kwa Peter Gaskell, aliyeandika mwaka 1833, na ni picha ya mtu anayeyatamani yaliyopita. Ukianza na pepo, lolote linalofuata litaonekana jehanamu. Ya pili ni kuhusu wakati. Mwaka 1842 ulikuwa wa mdororo mkubwa. Agosti yake migomo ilikuwa imezagaa Lancashire nzima, miezi michache tu kabla Engels hajashuka. Tena baadhi ya taarifa alizozitumia zilihusu miaka ya nyuma, kabla ya sheria ya viwanda ya 1833. W. O. Henderson na W. H. Chaloner, waliotoa tafsiri mpya mwaka 1958, walizichimbua kasoro za namna hii moja baada ya nyingine, na tanbihi zao zinafaa kusomwa hata na anayempenda Engels.

Hoja ya tatu, kwamba alikuwa mkomunisti na kwa hiyo haaminiki, ni dhaifu. Daktari James Kay, aliyeandika juu ya mitaa ya Manchester mwaka 1832 wakati wa kipindupindu, hakuwa mkomunisti. Alexis de Tocqueville, mwana wa ukoo wa kikabaila, alipita mjini humo mwaka 1835 akaondoka na kumbukumbu zinazofanana na za Engels. Edwin Chadwick, mtumishi wa serikali aliyechukiwa na maskini kwa mchango wake katika sheria ya misaada ya 1834, alitoa taarifa ya afya mwaka 1842 yenye takwimu za kutisha kuliko maneno ya Engels: wastani wa umri wa kufa kwa vibarua wa Manchester na familia zao ulikuwa miaka 17, na wa wenzao wa Rutland, mashambani, miaka 38.

Hapo wasomaji wengi huteleza. Kumi na saba haina maana kwamba kibarua alikufa akiwa na miaka 17. Wastani huo unajumlisha watoto wachanga waliokufa kwa wingi, na katika mji unaojaa vijana na watoto kila mwaka, wastani wa umri wa wanaokufa hushuka hata kama hatari ya kufa haijabadilika. Manchester ilikuwa hatari kweli kuliko Rutland. Lakini tofauti ya miaka 21 si kipimo sahihi cha hatari hiyo, na mwandishi yeyote wa leo anayeinukuu bila maelezo haya hajaifanyia kazi.

Mjadala wa mishahara ni mgumu zaidi, maana kila upande una jedwali lake. Mwaka 1926 J. H. Clapham aliipinga picha ya ufukara iliyochorwa na J. L. na Barbara Hammond, akaonyesha kwamba mishahara halisi, yaani ikipimwa kwa kile inachoweza kununua, ilipanda. Fahirisi ya gharama za maisha aliyoitegemea, ya Silberling, ilijengwa kwa bei za jumla badala ya bei za dukani, na haikuwa na kodi ya nyumba. Watu wa Manchester waliongezeka kutoka wapatao 75,000 mwaka 1801 hadi zaidi ya 300,000 mwaka 1851. Hesabu ya maisha ya mjini isiyogusa kodi ya nyumba ni hesabu ya nani? T. S. Ashton, ambaye naye aliamini hali iliboreka, aliikosoa fahirisi hiyo mwaka 1949.

Eric Hobsbawm alipoufufua mjadala mwaka 1957, alihamia kwenye ajira. Mshahara wa wiki haukusaidii kama wiki hiyo hukuitwa kazini. Mfano wake wa Bolton ni wa kukumbukwa: mafundi seremala waliokuwa na kazi walikuwa 150 mwaka 1836, na 24 mwaka 1842, waashi wa matofali walitoka 120 wakabaki 16. R. M. Hartwell alimjibu mwaka 1961 kwamba mwaka mmoja wa balaa hauelezi mwelekeo wa nusu karne. Ni jibu la haki, ila ndilo hilo hilo linaloweza kuelekezwa kwa wenzake wanaoamini hali iliboreka, kwa kuwa kuna hesabu nyingi za matumaini zinazoanzia mwaka 1800 au hapo karibu, wakati wa vita dhidi ya Ufaransa na wa mavuno mabaya, bei ya nafaka ikiwa juu mno. Ukipanda kutoka shimoni, kilima chochote ni kirefu. Kwa hiyo kabla ya kusoma hitimisho la jedwali lolote, tazama mwaka wa kuanzia, tazama kama kodi ya nyumba imo, kisha tazama kama waliokosa kazi wamehesabiwa.

Kipimo hicho kinaeleza kwa nini Lindert na Williamson waliona mwaka 1983 kwamba mishahara halisi ilikaribia kuongezeka maradufu kati ya 1820 na 1850, ilhali Charles Feinstein mwaka 1998 akapata nafuu isiyofika asilimia 15 kutoka miaka ya 1780 hadi ya 1850. Feinstein alipanua orodha ya bidhaa, akahesabu ukosefu wa kazi na idadi ya wategemezi. Robert Allen, mwaka 2009, aliweka pembeni ya mshahara kile kilichozalishwa: kati ya 1780 na 1840 uzalishaji kwa kila mfanyakazi ulipanda asilimia 46, mshahara halisi asilimia 12. Kisha kati ya 1840 na 1900 uzalishaji ukapanda asilimia 90, mshahara asilimia 123. Kwa maoni yetu hapa ndipo mzozo unapokaribia kumalizika. Engels aliona sawa alichokiona. Alikosea kudhani kwamba kitaendelea hivyo hadi mapinduzi.

Wastani, hata hivyo, unaficha watu. E. P. Thompson, katika kitabu chake kikubwa cha 1963, alikubali kwamba wastani wa hali ya kimaada ulipanda kidogo, akakataa kwamba hilo linatosha. Wafumaji wa mkono ndio mfano wake bora. Wengi hudhani mashine ziliwaua. Bolton, mapato ya mfumaji yalishuka kutoka shilingi 25 kwa wiki mwaka 1800 hadi 14 mwaka 1811; lakini mashine za kufumia Uingereza nzima zilikadiriwa kuwa 2,400 tu mwaka 1813, na ndipo zikafika kama 100,000 mwaka 1833. Anguko lilitangulia mashine. Kazi ilikuwa imefurika watu, vita vilivuruga biashara, na mwaka 1808 Bunge likakataa mswada wa kima cha chini cha mshahara wa wafumaji. Mashine zilikuja kummalizia mtu aliyekwisha kuanguka.

Kwa anayetaka kuona jinsi ushahidi wa aina moja unavyoweza kuzaa majibu mawili, asome kwa pamoja Jane Humphries (2010) na Emma Griffin (2013). Wote wawili wametumia tawasifu za wafanyakazi wenyewe, Humphries zaidi ya 600, Griffin karibu 350. Humphries anatazama utoto: kazi ikianza mapema, baba aliyekufa au asiyekuwepo, mama asiyeweza kulisha nyumba peke yake. Griffin anamtazama zaidi mwanamume mtu mzima, anayepata kazi mwaka mzima na uhuru wa kumwacha bwana mmoja akaenda kwa mwingine. Hawapingani sana kama inavyosemwa. Vitabu vyote viwili vinabeba upungufu mmoja: aliyefariki akiwa na miaka tisa hakuandika tawasifu.

Baada ya haya ndipo Kapitali ya Marx (juzuu la kwanza, Hamburg, 1867) inasomeka. Marx mwenyewe, katika barua ya Novemba 1867 kwa rafiki yake Kugelmann, alipendekeza mke wa Kugelmann aanze na sehemu za siku ya kazi, ushirikiano na mashine, na ulimbikizaji wa awali wa mtaji. Fuata ushauri huo. Sura ya siku ya kazi imejengwa juu ya taarifa za wakaguzi waliowekwa na sheria ya 1833, hasa Leonard Horner, na unaweza kuilinganisha na Andrew Ure, mtetezi wa viwanda, ambaye mwaka 1835 aliwaona watoto wa kiwandani kuwa wachangamfu na wenye furaha. Sura tatu za mwanzo, za bidhaa na fedha, ndizo zinazowavunja moyo wengi, nazo zinaweza kungoja.

Kuna jambo moja ambalo kambi zote mbili za mjadala wa mishahara zimeligusa kwa uchache mno: pamba yenyewe. Katika miaka ya 1850 sehemu kubwa ya pamba ya Lancashire ilitoka kusini mwa Marekani, ilikolimwa na watumwa, na hakuna jedwali la mshahara halisi linalowahesabu. Hapo nenda kwa Eric Williams (1944), kisha kwa Walter Rodney, ambaye kitabu chake cha 1972 kilichapishwa London na Dar es Salaam kwa pamoja. Wachumi wamepinga hasa dai la Williams kwamba faida ya utumwa iligharimia viwanda, wakisema faida hiyo ilikuwa ndogo ikilinganishwa na uwekezaji wote wa Uingereza. Pingamizi hilo linahusu faida. Haligusi malighafi, na kiwanda cha pamba hakiendi bila pamba, kama Lancashire ilivyogundua vita vya Marekani vilipofunga bandari za kusini kuanzia 1861 na viwanda vikasimama.